Mawingu yenye rangi: namna ya kuyatambua, kuyapima na kuyapiga picha

Wingu lenye rangi za upinde likitokea juu ya mji, picha zake huzunguka kwenye simu siku nzima, na kila picha huja na maelezo yake: wengine husema ni kemikali, wengine ni tetemeko linakuja, wengine ni ishara ya mwisho wa dunia. Maelezo ya kweli yanahitaji mambo matatu tu. Wingu limeundwa na nini, matone ya maji au fuwele za barafu? Rangi ziko umbali gani kutoka kwenye jua? Na jua lenyewe liko juu kiasi gani? Mawili ya mwisho unaweza kuyapima mwenyewe kwa mkono na fimbo ya mita moja. Ukishayapata hayo, la kwanza hujibika lenyewe.

Wanaokosea mara nyingi ni wale wanaoanza na rangi. Nyekundu, kijani na buluu zimo karibu katika kila tukio la aina hii, kwa hiyo rangi peke yake haikuambii chochote. Mahali rangi zilipo na mpangilio wake ndivyo vinavyosema.

Macho kwanza

Rangi nyingi za mawingu hutokea karibu na jua, na hapo ndipo penye hatari. Usilitazame jua lenyewe hata kidogo, na usielekeze darubini upande huo. Lenzi hukusanya mwanga na kuunguza retina bila wewe kuhisi chochote, kwa sababu retina haina neva za maumivu.

Fiche jua, kisha ndipo uangalie. Simama mahali ambapo ukingo wa paa, nguzo ya umeme au shina la mnazi linaziba jua lote, si nusu yake. Angani jua lina upana wa nusu nyuzi tu, kwa hiyo hata kidole gumba kilichonyooshwa kinaweza kulifunika, lakini mkono hutikisika na paa halitikisiki. Miwani ya jua hupunguza kuchoka kwa macho. Hailifanyi jua kuwa salama kutazamwa.

Njia nyingine nzuri ni maji. Weka maji katika beseni jeusi, yaache yatulie, uangalie taswira ya mawingu humo ukiwa umeinama juu yake. Uso wa maji ukitazamwa hivyo hurudisha kama asilimia 2 tu ya mwanga, na rangi hafifu zilizokuwa zimemezwa na weupe hujitokeza wazi. Taswira ya jua lenyewe bado ni kali mno hata majini, kwa hiyo nayo ifiche kwa kusogeza beseni hadi iangukie nje ya ukingo.

Kupima umbali angani kwa mkono

Nyoosha mkono wote mbele yako bila kukunja kiwiko. Upana wa kidole gumba ni kama nyuzi 2. Ngumi, kutoka kifundo cha kidole cha shahada hadi cha kidole kidogo, ni nyuzi 10. Shubiri, yaani kutoka ncha ya gumba hadi ncha ya kidole kidogo vidole vikiwa vimetanuliwa, ni nyuzi 20 hadi 22. Vipimo hivi humfaa mtu mzima na mtoto vilevile, maana mwenye kiganja kidogo kwa kawaida ana mkono mfupi pia.

Jipime kabla ya kuamini. Panga ngumi juu ya ngumi kuanzia upeo wa macho kupanda: ngumi tisa zinapaswa kukufikisha utosini. Ukifika kwa nane au kumi, mkono wako una tofauti ndogo, izingatie. Kosa la kawaida ni kukunja kiwiko mkono unapopanda. Hapo ngumi huonekana kubwa na hesabu yote huharibika.

Kupima urefu wa jua kwa fimbo

Chukua fimbo iliyonyooka, au mpini wa fagio, uikate iwe na sentimita 100 kamili kutoka ardhini. Isimamishe mahali tambarare na uihakikishe kwa timazi: uzi wenye jiwe dogo mwishoni unatosha. Kisha pima kivuli kwa futi kamba.

Kivuli cha sm 40 maana yake jua liko nyuzi 68 juu ya upeo.
Kivuli cha sm 62, jua liko nyuzi 58.
Kivuli cha sm 111, nyuzi 42.
Kivuli cha sm 160, nyuzi 32.
Kivuli cha sm 247, nyuzi 22.

Namba hizi tano ndizo zinazogawa anga. Ziandike kwenye fimbo yenyewe kwa kalamu ya rangi isiyofutika.

Usahihi unategemea wima wa fimbo. Ikilala nyuzi 5 tu kuelekea jua au kinyume chake, ncha yake husogea karibu sentimita 9, na kivuli cha sm 62 kinaweza kusomeka 53 au 71. Pia mwisho wa kivuli huwa na ukungu, kwa sababu jua si nukta. Pima hadi katikati ya ule ukungu.

Faida ya kwanza unaipata papo hapo. Upinde wa mvua wa kawaida hutokea upande ulio kinyume na jua, kwenye duara la nyuzi 42 kutoka mahali kivuli cha kichwa chako kinapoelekea. Kwa hiyo ukisimama juu ya ardhi tambarare, jua likiwa juu zaidi ya nyuzi 42 hakuna upinde wa mvua angani. Kivuli cha fimbo kikiwa kifupi kuliko sm 111, chochote chenye rangi unachokiona mawinguni ni kitu kingine.

Rangi za matone: kingo zinazong'aa

Aina hii ndiyo inayoonekana mara nyingi zaidi, na wengi huipita bila kuiona kwa sababu iko karibu na jua. Kingo za wingu jepesi hujaa waridi, kijani na zambarau zilizochanganyika bila mpangilio, zikifuata mipaka ya wingu, mfano wa petroli iliyomwagika juu ya dimbwi la maji.

Mwanga ni mawimbi. Yakipita kando ya tone dogo la maji, mawimbi hayo husambaa na kukutana tena nyuma ya tone. Mahali pengine yanaongezeana, mahali pengine yanafutana. Pembe ya kuongezeana hutegemea urefu wa wimbi, na wimbi la nyekundu ni refu kuliko la buluu, kwa hiyo kila rangi hutokea mahali pake. Hutegemea pia ukubwa wa tone: kadiri tone lilivyo dogo, ndivyo rangi zinavyosambaa mbali zaidi.

Hapa ndipo masharti mawili yanapotoka. Kwanza, matone lazima yawe na ukubwa unaokaribiana. Yakichanganyika makubwa na madogo, kila kundi hutupa nyekundu yake mahali tofauti, zote zinalaliana, na jicho linaona weupe. Pili, wingu lazima liwe jembamba, ili kila mwali ugonge tone moja kisha utoke. Katika wingu nene mwanga hugonga tone baada ya tone hadi mpangilio wote unapotea. Ndiyo maana rangi hukaa kingoni: huko wingu ni jembamba, na matone ndiyo kwanza yanazaliwa au yanakauka, hivyo hayajapishana sana kwa ukubwa.

Mahali pa kutafuta panafuata masharti hayo. Altokumulasi na sirokumulasi, yale mawingu ya vipande vidogo vidogo yaliyopangika, ni chaguo la kwanza. Mawingu ya umbo la lenzi yanayojengeka juu au pembeni ya Kilimanjaro, Meru na Mlima Kenya ni bora zaidi, kwa kuwa hewa hupanda mlima kwa mtiririko mmoja na matone yote huzaliwa pamoja. Wingu hilo huonekana kama limesimama, ilhali upepo unapita ndani yake: matone huumbika upande mmoja na kuyeyuka upande wa pili.

Aina ya tatu ndiyo inayoshangaza watu zaidi: kofia. Kumulonimbasi, yaani wingu la mvua ya ngurumo, inapopanda kwa kasi mchana wenye joto, huisukuma juu tabaka ya hewa yenye unyevu, na mvuke wa tabaka hiyo hugeuka kuwa wingu jembamba laini juu ya kichwa cha kumulonimbasi. Kofia moja ya namna hii iliyopigwa video mjini Haikou, China, Agosti 2022, ilizunguka dunia nzima. Mikoa yetu ya ukanda wa ikweta ina mvua nyingi za ngurumo za alasiri, kwa hiyo kofia si adimu. Tatizo ni muda: hudumu dakika chache tu, kisha wingu la chini huitoboa na kuimeza.

Ili kuipata, siku za vuli na masika anza kuangalia kuanzia saa saba mchana. Tafuta kumulasi, wingu la mfano wa pamba, inayokua kwenda juu, yenye kichwa kigumu chenye mafundo. Simama mahali ambapo wingu hilo liko upande wa jua na linaelekea kuliziba. Jua likijificha nyuma ya mnara wa wingu, angalia ukingo wa juu na kilicho juu yake, ndani ya ngumi mbili hadi tatu kutoka jua lilipo. Ukingo wa fedha bila rangi maana yake matone ni mchanganyiko. Subiri kipande kingine.

Anayetaka kujifunza bila hatari aanze na mwezi. Usiku wa mwezi mpevu, altokumulasi nyembamba inapopita mbele yake, hutokea taji: duara jeupe lenye ukingo wa kahawia au mwekundu, na likiwa zuri sana, pete za buluu, kijani na nyekundu nje yake. Hapo kidole gumba chako kinageuka kipimo cha matone. Ukingo mwekundu wa kwanza ukiwa mbali na katikati ya mwezi kwa gumba moja, nyuzi 2, matone yana kipenyo cha takriban sehemu 20 za elfu ya milimita. Ukiwa mbali kwa magumba mawili, kipenyo ni sehemu 10 hivi. Taji likitanuka na kusinyaa mawingu yanapopita, unaona moja kwa moja matone yakibadilika ukubwa kutoka kipande hadi kipande.

Rangi za fuwele: tao la upeo

Sasa tunafika kwenye lile tukio linalojaza simu watu. Katikati ya mchana, mbali chini ya jua, kipande cha wingu la nyuzinyuzi kinawaka rangi zote za upinde, zilizonyooka sambamba na upeo wa macho, nyekundu juu na buluu chini. Hili tuliite tao la upeo. Wengi huliita upinde wa moto, lakini hakuna moto na hakuna mvua.

Sirasi, mawingu membamba ya juu kabisa, kwetu hukaa kati ya kilomita 6 na 18, na kwa baridi ya huko yameundwa na barafu. Fuwele zake nyingi ni za umbo la pembesita. Zile zilizo bapa, kama ni pana vya kutosha na hewa imetulia, hushuka zikiwa zimelala mlalo. Mwanga wa jua huingia kupitia ubavu wa wima wa fuwele na kutoka kupitia uso wake wa chini. Nyuso hizo mbili hufanya pembe ya nyuzi 90, kwa hiyo mwanga hupindishwa sana, na kila rangi hupindishwa kwa kiasi chake. Matokeo ni rangi safi kuliko za upinde wa mvua wenyewe.

Lakini kuna mlango. Jua likiwa chini ya nyuzi 58, mwanga ulioingia kwa njia hiyo hauwezi kutoka chini; hurudishwa ndani. Kivuli cha fimbo kikiwa kirefu kuliko sm 62, usihangaike kulitafuta tao la upeo. Kikiwa kati ya sm 62 na sm 18, inawezekana, na penye nguvu zaidi ni sm 40. Kikifupika zaidi ya hapo, jua linakaribia utosini, mwanga unapita karibu sambamba na ubavu wa fuwele, na rangi hufifia.

Hili ndilo linalofanya Afrika Mashariki kuwa mahali pazuri. Nairobi, Kampala, Kigali, Bujumbura, Goma na Mwanza, jua la saa sita mchana halishuki chini ya nyuzi 62 siku yoyote ya mwaka. Mlango uko wazi kila siku. Mombasa na Unguja vivyo hivyo. Dar es Salaam inapita kwa taabu: tarehe 21 Juni jua la mchana hufika kama nyuzi 60, na mlango hufunguka kwa saa moja na nusu hivi tu. Mtwara hufungiwa kuanzia mwishoni mwa Mei hadi katikati ya Julai, na Lubumbashi muda mrefu kidogo zaidi. Ukiwa Muscat, msimu wako ni kutoka mwishoni mwa Februari hadi katikati ya Oktoba. London wanapata kuanzia katikati ya Mei hadi mwishoni mwa Julai tu, nao huligeuza kuwa habari ya gazeti.

Utaratibu wa kulitafuta ni huu.

Chagua siku yenye sirasi. Mara nyingi hutokana na vichwa bapa, vyenye umbo la fuawe, vya mawingu ya mvua za ngurumo zilizopita jana yake, kwa hiyo asubuhi ya pili baada ya dhoruba kubwa ni wakati mzuri. Anga ya chini iwe wazi.

Pima kivuli. Saa ya kutazama haiwi moja mwaka mzima. Dar es Salaam mwanzoni mwa Machi na katikati ya Oktoba jua hupita utosini kabisa, hivyo saa sita na nusu si wakati wa kutazama. Kivuli cha sm 40 hupatikana kati ya saa nne na nusu na saa tano na robo asubuhi, kisha tena kati ya saa saba na nusu na saa nane na robo mchana. Mwezi Juni ni kinyume chake: kuna nafasi moja tu, kuizunguka saa sita na nusu.

Fiche jua, kisha shuka kutoka hapo lilipo moja kwa moja chini kwa shubiri mbili na kidogo, zaidi kidogo ya nyuzi 45. Hapo ndipo pa kuangalia, kushoto na kulia. Jua likiwa nyuzi 68, tao hukaa ngumi mbili juu ya upeo wa macho. Likiwa nyuzi 60, tao liko ngumi moja tu, na nyumba, miti na vumbi vinaweza kulificha. Panda ghorofani au nenda ufukweni panapotazama upande wa jua. Kumbuka kwamba Juni jua la mchana kwetu liko kaskazini, kwa hiyo ufukwe unaotazama kusini hautakufaa.

Ukiona rangi, subiri dakika tatu bila kuondoka. Hii ndiyo hatua ya kutenganisha aina mbili. Tao la upeo hukaa mahali pake angani huku wingu likipita ndani yake: kipande kilichokuwa na rangi hufifia na cha nyuma yake huwaka. Rangi za matone husafiri na wingu. Kagua pia mpangilio. Tao la upeo ni nyekundu juu, kisha machungwa, njano, kijani, buluu, kwa mistari ya mlalo. Likiwa na waridi hapa na kijani pale, ni matone.

Kwa nini mara nyingi linaonekana kama kipande badala ya utepe mrefu? Kwa sababu tao huonekana tu pale penye sirasi yenye fuwele zinazofaa. Penye uwazi wa buluu hakuna cha kupindisha mwanga. Hilo ndilo linalowafanya watu waamini wingu moja limebarikiwa au limepakwa kitu, ilhali wingu jirani likisogea pale litawaka vilevile.

Ndugu zake wa barafu

Pete inayozunguka jua au mwezi kwa nyuzi 22, shubiri moja, hutokana na fuwele zilizoelekea kila upande katika sirostratasi, utando mwembamba wa mawingu ya juu. Nyekundu hukaa ndani, na anga ndani ya pete huonekana nyeusi kidogo kuliko nje. Kwetu jua likipita nyuzi 70, pete ya pili, itokanayo na fuwele ndefu zilizolala mlalo, hukaribia kulingana na ya kwanza, na ndiyo sababu pete za mchana za huku hung'aa sana. Nchi za baridi pete hii huonwa kuwa dalili ya mvua, kwa sababu huko sirostratasi hutangulia mifumo mikubwa ya mvua. Ukanda wa ikweta mvua zetu haziji kwa mtindo huo, kwa hiyo usianike wala kuanua mahindi kwa kutegemea pete.

Majua ya pembeni ni madoa mawili yenye rangi, kushoto na kulia mwa jua, kwa urefu sawa nalo, shubiri moja au zaidi kidogo kutoka kwake. Hayawezi kutokea jua likipita nyuzi 61 hivi. Yatafute asubuhi na jioni.

Tao la utosi ni pacha wa tao la upeo kwa njia ya kinyume: mwanga huingia juu ya fuwele bapa na kutokea ubavuni. Linahitaji jua chini ya nyuzi 32, kivuli kirefu kuliko sm 160, na ni bora zaidi kwa kivuli cha sm 247. Kwetu ni kabla ya saa mbili na nusu asubuhi au baada ya saa kumi na robo jioni. Liko juu kabisa karibu na utosi, limejikunja kama limegeuzwa juu chini, nyekundu ikielekea jua. Ukiona majua ya pembeni, inua kichwa mara moja. Fuwele zilezile huenda zimelichora na hili, na watu hawalioni kwa sababu hawatazami utosini.

Machweo na mapambazuko

Hapa rangi hazitoki kwenye wingu. Wingu linapokea mwanga ambao tayari umechujwa. Jua likiwa kwenye upeo, mwanga wake hupita katika hewa iliyo nyingi karibu mara 38 kuliko likiwa utosini. Molekuli za hewa hutawanya buluu njiani, na kinachofika ni machungwa na nyekundu.

Kwa hiyo swali la kujiuliza si kama kuna mawingu juu yako tu, bali kama njia ya mwanga magharibi iko wazi. Wingu lililo kilomita 10 juu yako hupokea mwali wa mwisho ulioigusa dunia karibu kilomita 350 magharibi. Kwa mtu wa Dar es Salaam hapo ni karibu na Dodoma. Mawingu mazito yakitanda kati ya Morogoro na Dodoma, sirasi ya Dar itabaki kijivu hata kama anga ya Dar ni safi. Fungua picha ya setilaiti saa kumi na moja jioni na ukague ukanda huo.

Kwetu jua huzama karibu wima, hivyo kila kitu huenda haraka. Mawingu ya chini, ya kilomita 2, hupoteza rangi ndani ya dakika 5 hivi baada ya jua kutua. Ya juu hukoleza nyekundu kati ya dakika ya 5 na ya 15. Wengi hukunja mikeka jua linapozama tu. Wanaondoka kabla ya sehemu bora.

Inasemwa sana kwamba vumbi na moshi huleta machweo mazuri. Si kweli kwa kawaida. Chembe kubwa za moshi wa mashamba yanayochomwa hutawanya rangi zote kwa pamoja, na anga huwa na wekundu wa matope. Machweo makali huja baada ya mvua kuosha hewa. Kinachovunja kanuni ni volkano kubwa, kama Krakatau ya Agosti 1883 au Pinatubo ya Juni 1991, ambazo zilipeleka chembe ndogo sana juu mno, na machweo ya mbali duniani yakabadilika kwa miezi.

Kupiga picha

Simu hujaribu kukusaidia na mara nyingi huharibu. Fuata hivi:

1. Fiche jua nyuma ya paa au nguzo, hata kwa picha.
2. Gusa skrini pale penye rangi, kisha vuta kialama cha mwanga chini hadi weupe wa wingu ugeuke kijivu hafifu. Kwenye kamera punguza hatua 1 hadi 2. ISO iwe 100, tundu la lenzi f/8.
3. Funga mizania ya weupe kwenye mwanga wa jua, takriban 5500 K. Ikiachwa ijiamulie, simu huona nyekundu ya machweo kama kosa na kuifuta.
4. Usivute karibu kidijitali. Kata picha baadaye.
5. Piga picha moja pana yenye jengo au mti, ili umbali kutoka jua upimike. Andika saa, mahali na urefu wa kivuli.

Kichujio cha polaroidi kina manufaa kiasi: hukoleza buluu ya anga, lakini kikizungushwa vibaya kinaweza kufifisha majua ya pembeni. Na ukiongeza ukolevu wa rangi kwenye programu ya kuhariri, acha nakala ya asili bila kuguswa, maana ukolevu ukizidi huumba mistari isiyokuwepo angani.

Kuna rangi ambazo hazipo mawinguni kabisa. Doa la kijani au zambarau linalosogea angani unapoinamisha simu ni mwako wa ndani ya lenzi. Mabaka ya rangi yanayoonekana kupitia dirisha la ndege ukiwa umevaa miwani ya polaroidi hutoka kwenye plastiki ya dirisha. Vua miwani nayo yataondoka. Kioo cha gari nacho huweza kufanya vivyo hivyo, kwa hiyo teremsha dirisha kabla ya kushangaa.

Kwa walio Ulaya ya kaskazini

Ninyi mna kitu ambacho huku hakipo. Katikati ya majira ya baridi, hasa Norway, Sweden, Finland na Iceland, na wakati mwingine Uingereza kama ilivyokuwa Desemba 2023, hutokea mawingu ya lulu. Haya hukaa kilomita 15 hadi 25 juu, kunapokuwa na baridi ya karibu nyuzi joto 80 chini ya sifuri. Chembe zake ni ndogo na zinalingana sana, kwa hiyo kanuni ni ileile ya kingo zinazong'aa, ila rangi hufunika wingu zima. Jua huyaangaza kutoka chini ya upeo wa macho wakati mawingu ya kawaida yameshatiwa giza. Yatafute nusu saa hivi kabla ya jua kuchomoza au baada ya jua kutua, upande ule ule wa jua. Kwa kuwa jua liko chini ya upeo, hapa unaruhusiwa kuchukua darubini.